Fundi ameniharibia vifuniko vya bawa la ndege, halafu ananiambia "rangi itaficha"

Waungwana, asalaam aleikum. Nimekaa siku tatu bila kuandika humu kwa sababu nilijua ningetukana. Hasira bado ziko palepale.

Wanaonijua wanajua ninajiundia ndege ya viti viwili uani kwangu hapa Malindi, mwaka wa nne sasa. Kazi ya bati naifanya mwenyewe. Mwezi uliopita niliumia kidole gumba, ikabidi nipeleke vifuniko viwili vya chini ya bawa kwenye karakana moja ya mjini. Kila kimoja kina matundu 22. Kazi ilikuwa kubonyeza kila tundu liingie ndani kama kisahani, ili kichwa cha skrubu kilale sawasawa na bati.

Sikumpa maneno matupu. Nilimpelekea kalibu zangu za kubonyezea, dume na jike, za nyuzi 100, pembe ileile ya vichwa vya skrubu zangu. Nikasimama naye akabonyeza matundu matano kwenye kipande chakavu, yakatoka safi kabisa. Nikamweleza: toboa kwa biti ndogo kuliko kipimo cha mwisho, safisha kingo za tundu pande zote mbili, kwa maana bati likivutwa ufa huanzia kwenye vile vinyweleo vya bati vinavyoachwa na biti, ndipo ubonyeze, kisha upanue. Mzee akaniambia, "Nimekufahamu, mwanangu."

Kijana wake akachukua drili na biti ya koni akayachimba matundu yote 44. Yote! Kalibu hazikutoka hata kwenye mfuko.

Bati lile ni la milimita 0.8. Kichwa cha skrubu namba 8 kina kimo cha karibu milimita 1.8. Utachimbaje shimo la 1.8 ndani ya 0.8? Koni imetokea upande wa pili, tundu lililokuwa la milimita 4 na kitu limefika 6 na nusu, na ukingo uliobaki ni mwembamba kama wembe. Skrubu inashikilia huo wembe tu. Injini ikianza kutikisa, ukingo unakatika, kifuniko kinang'oka angani. Na nyuma ya kifuniko hicho ndiko zinakopita fimbo zinazoendesha mabawa madogo ya kulazia ndege upande! Si kifuniko cha tangi la maji hicho.

Skrubu zangu nazo sikurudishiwa. Ameweka za chuma za dukani, vichwa vyake vya nyuzi 90, havikai kwenye kitu chochote. Halafu akapiga msasa bati zima "ling'ae". Bati hilo ni 2024-T3, aloi ya alumini ya kuundia ndege, lina ganda jembamba la alumini safi juu, na ganda hilo ndilo linalozuia kutu. Ameliondoa, akaweka chuma juu yake, hapa Malindi, ambapo chumvi ya bahari inakula hata bawaba za madirisha.

Nilipomrudia hakuniomba radhi. "Mwanangu, tia puti kidogo, rangi itaficha." Hilo ndilo lililonichoma. Shikamoo zangu zote nilimpa, nikamlipa nusu mapema, naye ananifundisha kuficha ufa kwenye kitu nitakachompandisha mwanangu wa kumzaa.

Jamani, tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapo baharini Ngomeni. Mwambao huu umeona kazi ya milimita. Asiniambie mtu kwamba sisi huku ni watu wa kukisia.

Ninachodai ni skrubu zangu, pesa niliyotanguliza, na bei ya bati. Nimempa hadi Ijumaa baada ya swala, na vifuniko nimeviweka ushahidi, sivitupi.

Mwenye kipande cha 2024-T3 cha 0.8, sentimita 60 kwa 60, awe Mombasa au uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, aniandikie pembeni. Kidole kimepona. Nitabonyeza mwenyewe.