Filamu za zamani zimegeuzwa matangazo ya rimeki zake: nimechoka na diski hizi!

Wakuu, heshima kwenu. Nina donge kooni na uzi huu utakuwa mrefu, naomba mnivumilie.

Wiki iliyopita nilipokea kifurushi nilichokisubiri kwa hamu. Nilikuwa nimeagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni diski ya The Thing, ile ya John Carpenter ya mwaka 1982, Kurt Russell na wenzake wamekwama kwenye kituo cha utafiti Antaktika na hakuna anayejua nani kati yao bado ni binadamu. Nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu kwamba tutaitazama pamoja, maana hajawahi kuiona. Tukazima taa, tukatia diski, na dakika tano hazikuisha nikajua tumeletewa kitu kingine. Ilikuwa ile ya 2011. Jina ni The Thing, herufi kwa herufi. Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: umepata ulichoagiza, jina si ndilo hilo?

Nilimkasirikia, na bado sijapoa. Lakini kadiri ninavyolitafakari jibu lile ndivyo ninavyoona kwamba yeye ni wa mwisho tu kwenye mstari. Kuna watu walikaa wakatengeneza filamu inayosimulia yaliyotokea kabla ya ile ya 1982, kwenye kambi ya Wanorwei, hadithi yenye haki kabisa ya kuwa na jina lake, kisha wakaivisha jina la mama yake. Hata ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1951 iliitwa The Thing from Another World, ukiiona huwezi kukosea.

Na si hiyo tu. Chukueni Halloween. Ipo ya 1978. Ipo ya 2007, ambayo ni rimeki, yaani hadithi ile ile iliyotengenezwa upya. Ipo ya 2018, ambayo si rimeki hata kidogo, ni mwendelezo wa ile ya 1978 unaojifanya kwamba zote zilizofuata hazikuwahi kuwapo, na bado nayo inaitwa Halloween. Scream ya kwanza ni ya 1996. Ya tano, ya 2022, inaitwa Scream. Candyman ya 1992 na mwendelezo wake wa 2021, jina moja. Zamani mwendelezo ulikuwa na namba, au angalau neno moja la ziada. Sasa unatafuta filamu ya kwanza, orodha inakuletea mpya juu kabisa, maoni ya wanunuzi wa diski mbili tofauti yametiwa chungu kimoja, huyu anasifu picha, yule anailaani, na hujui nani anazungumzia ipi. Mwaka wa filamu uko nyuma ya kasha kwa herufi ndogo mno, kama umeandikwa.

Hayo ni ya jina. Ya picha ndiyo yanayoniuma zaidi.

Mwaka 2010 filamu ya Predators ilikuwa inaingia kwenye majumba ya sinema. Wakati huo huo ikatolewa upya Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD, ya Predator ya 1987, ile ya John McTiernan, eti sasa imesafishwa. Kwa wasiojua: filamu za enzi zile zilipigwa kwenye ukanda wenye chembe za fedha zinazoshika mwanga. Zile chembechembe mnazoziona zikichezacheza kwenye picha si uchafu wala hitilafu ya diski. Ndizo picha yenyewe. Kila unywele, kila tone la jasho, kila ukingo wa jani umejengwa kwa hizo. Ukiipitisha picha kwenye programu ya kuzifuta, haziondoki peke yake, zinaondoka na vyote zilivyovishika. Ndicho kilichofanyika. Predator ni filamu ya wanaume wanaovuja jasho msituni, tope mwilini, na kwenye diski ile Arnold Schwarzenegger ana ngozi ya sanamu la nta. Vinyweleo hakuna. Majani yamebaki rangi tupu. Blu-ray iliyotangulia ilikuwa na kasoro zake nyingi, lakini ilikuwa na nyuso za watu.

Kwa nini wafanye hivyo? Mimi naamini ni kwa sababu ilitakiwa ifanane na filamu mpya. Mtu akitoka kutazama Predators, akanunua ile ya kwanza, asishtuke kwamba ni ya zamani. Na hili ndilo ninalolalamikia, wakuu. Filamu ya kwanza haitolewi kwa ajili yake yenyewe. Inatolewa iwe tangazo la ile mpya, na tangazo lazima lipakwe rangi iendane na bidhaa.

Terminator 2 ya 1991 ilipatwa na yale yale. Mwaka 2017 ilirudishwa sinema kwa 3D, na picha iliyoandaliwa kwa ajili ya hiyo 3D ndiyo iliyotiwa kwenye diski ya 4K, ile inayopaswa kuwa kali kuliko hata Blu-ray, laini kama imepigwa pasi. The Abyss tulikaa nayo kwenye DVD ya 2000, picha kijisanduku katikati ya televisheni pana, hadi 2024. Miaka 24! Ilipokuja hatimaye pamoja na Aliens na True Lies, zote za James Cameron, zote zilikuwa zimepitishwa kwenye programu za akili mnemba, na machoni pangu True Lies ndiyo iliyoumia kuliko zote. Najua mwongozaji mwenyewe ameridhia. Basi atoe yake aliyoridhia na atuachie na ile tuliyoiona mwaka 1994. Diski mbili ndani ya kasha moja zinamzuia nani?

Sauti nayo hawakuiacha. The Terminator ya 1984 ilionyeshwa sinema ikiwa na sauti ya mono, yaani ya mkondo mmoja tu. Baadaye ikachanganywa upya kwa spika sita, milio ya bunduki ikabadilishwa, na kwa miaka mingi ukinunua Blu-ray mono haimo. Mtu anayeijua filamu ile kwa masikio anasikia bunduki ngeni mikononi mwa waigizaji wale wale.

Lakini kuna moja nikiikumbuka damu inachemka. Return of the Jedi, moja ya filamu za Star Wars, mwaka 1983. Mwishoni shujaa Luke anaona roho ya baba yake, Darth Vader, na aliyesimama pale ni Sebastian Shaw, mzee yule yule ambaye tumetoka kumwona akifa pale barakoa ilipovuliwa. Mwaka 2004 DVD ikatoka, Shaw ameondolewa. Mahali pake amewekwa Hayden Christensen, kijana aliyeigiza mhusika huyo kwenye filamu mpya zilizokuwa zikitengenezwa wakati huo. Sina neno na kijana huyo. Lakini Sebastian Shaw alifariki mwaka 1994, hakuwepo wa kumuuliza. Kazi ya marehemu imefutwa ili filamu ya 1983 iitumikie filamu ya 2005. Kama huo si ugeuzaji wa mama kuwa mjakazi wa mtoto, niambieni ni nini.

Na yale matoleo ya awali ya Star Wars, yasiyoguswa? Yalitolewa mwaka 2006 kama diski ya nyongeza, kwa picha iliyoandaliwa mwaka 1993 kwa ajili ya LaserDisc, zile diski kubwa za kabla ya DVD. Kwenye Blu-ray hayajatokea kabisa. Filamu iliyobadilisha sinema ya dunia mwaka 1977, mtu akitaka kuiona kama ilivyoonyeshwa mwaka huo, diski rasmi aliyonayo ni ile duni.

Tabia hii si ya jana. Studio ya MGM walipotaka kutengeneza Gaslight yao ya 1944, walinunua haki na wakataka nakala za ile ya Waingereza ya 1940 ziharibiwe. Ilinusurika, shukrani kwa waliozificha. Kabla ya hapo, walipotengeneza Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1941 na Spencer Tracy, walinunua ile ya 1931 ya Rouben Mamoulian na kuiondoa kwenye mzunguko. Hiyo ndiyo iliyompa Fredric March Oscar ya mwigizaji bora! Kwa miongo kadhaa watu walisoma habari zake tu. Leo hawachomi nakala. Wanaziacha kabatini, au wanazitoa zimekwanguliwa uso.

Wengine mtaniambia nachukia rimeki. Hapana. Ile The Thing ya 1982 ninayoililia si hadithi mpya, inatokana na hadithi ile ile iliyozaa filamu ya 1951. The Maltese Falcon ya Humphrey Bogart ya 1941 ni mara ya tatu kitabu kile kutengenezwa, baada ya ya 1931 na ile ya 1936 iliyoitwa Satan Met a Lady. Na mwaka 2006 ilitoka DVD yenye zote tatu ndani ya kasha moja. Zote tatu! Unaketi jioni unaona jinsi hadithi moja ilivyokosewa, ikakosewa tena, kisha ikapatikana. Hata zile Jekyll mbili, ya 1931 na ya 1941, mwaka 2004 ziliwekwa kwenye DVD moja, yule aliyefichwa na yule aliyefichiwa, uso kwa uso. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyeona ndugu waliogombana wakila sahani moja.

Kwa hiyo wanaweza. Peter Jackson alipokuwa anatoa King Kong yake mwishoni mwa 2005, ile ya 1933 ilitoka kwenye DVD wiki chache kabla, imehifadhiwa vizuri. Yeye na watu wake wakatengeneza upya, kwa mbinu za zamani, kile kipande cha buibui bondeni kilichopotea, na wakakiweka pembeni kama nyongeza. Hawakukichomeka ndani ya filamu. Waliijua adabu. Blade Runner ya 1982 mwaka 2007 ilikuja na matoleo matano, chagua mwenyewe. E.T. ilipotolewa upya mwaka 2002 bunduki za polisi ziligeuzwa redio za mkononi, lakini DVD ya wakati ule ilikuwa na matoleo yote mawili, na Steven Spielberg baadaye akajuta, Blu-ray ya 2012 ikarudi ilivyokuwa. Mtu akikiri hivyo namvulia kofia.

Kuna wa kuniambia niachane na diski nitazame mtandaoni. Huko ndiko hujui hata umeletewa toleo lipi, na mkataba ukiisha filamu inatoweka usiku. Mimi filamu hizi nilikutana nazo kwenye kanda za VHS. Picha pana ya sinema ilikatwa pembeni ili ijaze televisheni ya mraba. Filamu ya upana wa 2.35, yaani upana mara 2.35 ya kimo chake, ilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya picha. Watu wawili wanazungumza, unamwona mmoja, wa pili ni pua. DVD ilipokuja na upana wote nilikaa kimya mbele ya skrini kwa sababu kulikuwa na mtu kwenye chumba ambaye kwa miaka sikujua yupo. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Tulishafika. Walishatupa filamu nzima, na sasa wanaichukua tena, si pembeni bali ngozini.

Ninachodai hakihitaji mitambo mipya. Mwaka wa filamu uandikwe mbele ya kasha, kando ya jina, kwa herufi zinazosomeka. Toleo lililoonyeshwa sinema liwemo, na sauti yake, hata kama kuna mengine kumi. Chembechembe ziachwe. Na mkitaka kutuuzia mwendelezo, uzeni mwendelezo. Msinilazimishe ninunue kasha la filamu sita ili nipate mbili zilizotengenezwa vizuri, kama nilivyofanya mwaka juzi, nne zikabaki na nailoni yake.

NYONGEZA: Nimeona mmeanza kuuliza diski ipi ni ipi. Tusaidiane hapa hapa. Andika jina la filamu, mwaka wa filamu, mwaka wa diski, kisha useme kama picha ina chembechembe, kama sauti ya awali imo, na kama kuna kilichobadilishwa. Msiandike "ile ya zamani" wala "ile mpya", mmeona yaliyonipata. Naanza mimi: The Maltese Falcon, 1941, DVD ya 2006, diski tatu, na zile mbili za mwanzo zimo. E.T., 1982, Blu-ray ya 2012, bunduki zimerudi. Mwenye The Thing ya 1982 aliyoitazama kwa macho yake mwenyewe aandike ni toleo la mwaka gani na kasha lake lina picha gani mbele, maana mdogo wangu bado ananidai.