Riesling ya Mosel, Riesling ya Pfalz au Silvaner ya Franken: divai ipi ikae na samaki wa kupaka?

mpishi_Mainz
Wadau habari za jioni. Jumamosi nina wageni wanane hapa Mainz, napika samaki wa kupaka, na pembeni lazima kuwe na asparaga nyeupe, ile mboga ya vijiti, maana msimu unafungwa tarehe 24 Juni na shemeji yangu Mjerumani hakubali upite bila kula. Nimenunua chupa tatu za divai nyeupe za kuonja, zote zimeandikwa trocken, yaani drai, isiyo tamu. Kwa asiyejua, Riesling na Silvaner ni aina za zabibu, na Mosel, Pfalz na Franken ni sehemu za huku Ujerumani zinakolimwa. Ile ya Mosel ina harufu ya limau na epo bichi halafu kama jiwe lililonyeshewa mvua, ukimeza mate yanajaa mdomoni, pombe asilimia 11.5. Ya Pfalz ni pichi lililoiva, nzito, asilimia 13. Silvaner, ile ya chupa bapa, hainukii sana, ni pea na majani na kaudongo kidogo. Sasa ipi na nini?

mama_Würzburg
Asparaga ni Silvaner mdogo wangu, usihangaike. Asparaga ina uchungu wake, ukiikutanisha na Riesling yenye uchachu mkali ule uchungu unazidi mpaka unahisi kama umelamba chuma, ila Silvaner ni pole, na siagi ya ile sosi ya mayai inatulia nayo. Huku Franken zabibu hii ilipandwa Castell tangu mwaka 1659, na udongo wa Würzburg ni chokaa yenye magamba ya bahari ya zamani. Watu wanaidharau kwa sababu haina makeke, mi naona hapo ndipo uzuri wake ulipo, inaacha chakula kiongee.

kaka_Trier
Dada kwa asparaga nakubali kabisa. Kwa samaki wa kupaka hapana, hapo ni Mosel. Tui la nazi ni mafuta, linahitaji kitu cha kulikata, na si ndio maana tunakamulia ndimu? Uchachu wa Mosel unafanya kazi ileile. Halafu watu wajue, trocken haimaanishi sukari sifuri, sheria inaruhusu mpaka gramu 9 kwa lita kama uchachu unatosha kuibeba, ndio maana chupa mbili za trocken zinaweza kuonjeka tofauti kabisa.

Zai_Köln
Pilipili je?? Hakuna aliyeuliza. Pombe ya asilimia 13 juu ya pilipili mbuzi inawasha mara mbili, nimeyaona. Kama ni kali chukua iliyoandikwa feinherb, ina utamu kidogo unaopoza. Na someni lebo jamani, mwaka jana nilichukua Riesling dukani haraka haraka, haikuandikwa trocken popote, pombe asilimia 8.5, nimefika nyumbani ni tamu kama juisi na samaki yuko mezani tayari, niliumia sana. Pombe ikiwa chini hivyo mara nyingi ujue sukari imebaki humo.

mpishi_Mainz
Asanteni sana, Zai pilipili naweka moja nzima bila kuipasua, ni ya harufu tu. Jana usiku nilipika tui kidogo nikajaribu tena zote. Mosel na kupaka inakata kweli, kaka_Trier uko sahihi, lakini tui likiwa zito na samaki ameungua kidogo kwenye mkaa Mosel inazidiwa, inabaki ndimu peke yake. Pfalz ndio ilisimama, ule moshi na lile pichi vilishikana mpaka nikaita mke wangu aje aonje. Ila mwanzoni niliitoa friji ikiwa baridi mno haikusema kitu, nikaiacha mezani dakika ishirini hivi ndio ikafunguka. Mosel yenyewe nimeipenda zaidi na sambusa za samaki, kabla hatujakaa mezani.

kaka_Trier
Samaki wa mkaa hukusema mkuu! Hapo hata mi ningeenda Pfalz. Mosel kwa sambusa sawa, ipe nyuzi 8 mpaka 10, isizidi.

mama_Würzburg
Na Silvaner nunua mbili, asparaga ikikaa mezani moja haitoshi watu wanane.