Naomba ushauri: boti ya kasi iliyotumika kwa familia, Ziwa Nyasa upande wa Matema

Mlima_Rungwe:
Wakuu, salaam. Nipo Uyole, Mbeya. Nataka kununua boti yangu ya kwanza, iliyotumika, kwa matembezi ya familia pale Matema na kuwavuta watoto kwenye boya. Tuko sita: wakubwa wawili, watoto wanne, wa kwanza miaka 14, wa mwisho 5. Gari ni Prado.

Nimeonyeshwa mbili, zote Dar, bei zinakaribiana:

A: faiba futi 18, injini ya ndani ya petroli HP 135 yenye mguu wa nyuma. Inang'aa, viti vya ngozi, redio kubwa.
B: faiba futi 16, upana futi 6, Yamaha ya nje HP 60 tustroki. Rangi imepauka, viti vimechanika.

Tela zote zipo. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kutoa hela?

Fundi_Mashine:
Mkuu, B, ikipita ukaguzi. Viti vinashonwa hata Mwanjelwa.

Shida ya A haionekani kwa macho. Ule mguu unapita kwenye tundu la tezi (ukuta wa nyuma wa boti), na kinachozuia maji yasiingie ni mpira wenye mikunjo. Ukichanika, boti inazama ikiwa imefungwa, nyinyi mmelala. Kuubadilisha ni kushusha mguu mzima na kuupanga upya na injini. Halafu imefanya kazi baharini: maji ya chumvi yanapita ndani ya manifoldi ya moshi yakiila taratibu, nje ni rangi safi. Siku inatoboka, maji yanaingia kwenye silinda na injini imekwenda.

Ya nje unaifungua bolti, unaipakia kwenye pikapu, unaipeleka kwa fundi.

Kukagua B. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, ahirisha, kwa sababu tustroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli) iliyochoka huwaka vizuri ikishapata joto na kusumbua ikiwa baridi.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji yake. Toa plagi zote tatu, waya zake ziguse bodi ya injini ili usiunguze kisanduku cha umeme, fungua resi yote, piga selfu mpaka mshale wa geji usimame. Usihangaike sana na namba yenyewe, geji hutofautiana. Angalia tofauti kati ya silinda: ikizidi asilimia 10, uliza kwa nini. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, pistoni au ringi zimeumia, na mara nyingi chanzo ni kabureta iliyoziba ikainyima silinda hiyo mafuta pamoja na oili yake.

Oili ya giaboksi: legeza skrubu ya chini kidogo tu. Maji hukaa chini ya oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake sili ya shafti imekwisha. Sili ni bei ndogo. Giaboksi iliyokaa na maji mwaka mzima ni habari nyingine. Kurudisha oili, jaza kwa tundu la chini mpaka itokee la juu, vinginevyo hewa inabaki ndani.

Mwisho fungua kifuniko cha themostati. Ukikuta chumvi imeganda kama ukoko wa wali, njia za maji zimeziba na injini itapata joto kali hata ukiweka impela (feni ya pampu ya maji ya kupoza) mpya. Impela yenyewe badilisha tu, usiulize ina umri gani.

Tezi_na_Omo:
Fundi kamaliza injini, ila kinachoua boti za faiba ni ubao uliofichwa ndani ya ukuta wa tezi, pale injini inapofungwa. Maji yanaingia kwenye matundu ya bolti, ubao unaoza, faiba nje inabaki nzima.

Inua injini nusu, shika mguu wake wa chini, ukandamize kwa uzito wako huku mwenzako akitazama ukuta. Ukicheza hata kidogo, ondoka. Kisha gonga ukuta wote kwa sarafu, kiganja kwa kiganja: mlio mkavu ni mzuri, mlio wa kufa kama unagonga ndizi mbivu ni ubao uliooza. Tazama chini ya bolti kama kuna michirizi ya maji ya kahawia. Sakafu nayo itembee peku, kisigino kitakuambia.

Jambo ambalo watu hawalifanyi: pitisha boti na tela kwenye mizani. Boti nyingi zina povu chini ya sakafu la kuzisaidia zielee, na povu la zamani hunywa maji yasiyotoka hata ukichomoa kizibo. Ukishatoa uzito wa tela na injini, boti ikizidi uzito wa kiwandani kwa kilo 150, hayo ni maji unayoyanunua.

Idadi ya watu ipo kwenye kibao karibu na usukani. Kibao kikiwa kimeng'oka, kuna hesabu ya Wamarekani kwa boti ndogo: urefu mara upana kwa futi, gawa kwa 15. Yako ni 16 × 6 = 96, unapata 6. Mmejaa kamili. Shangazi akija, mmoja abaki ufukweni.

Mlima_Rungwe:
Nashukuru sana wakuu. HP 60 inatosha kuvuta boya? Na mnasemaje kuhusu Mtera, kwa wanaotokea Iringa?

Mnyalu_wa_Ruaha:
Kamwene. Mtera kuna visiki vya miti iliyofunikwa na bwawa, kuna viboko, kuna mamba. Hapo ni pa kula samaki. Bakini Matema. (Na asitokee wa kukushauri Ngosi, lile ziwa la kreta. Kuishusha boti kwenye zile kuta, labda kwa helikopta.)

Fundi_Mashine:
Boya lenye watoto wawili inavuta bila shida. Mtu mzima kwenye ski huku wengine wote wamo ndani, hapana. Itamburuza kwenye maji na asisimame. Siku ya ski wabaki wawili tu kwenye boti.

Ziwa liko kama mita 475 juu ya bahari, injini inapoteza karibu asilimia 5 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar. Kwa hiyo angalia propela. Pakia familia yote, fungua resi yote, soma mizunguko. Kitabu kikisema 5,500 na wewe unaishia 5,000, weka propela yenye pichi (umbali inaosonga kwa mzunguko mmoja) ndogo kwa inchi 2. Kila inchi inarudisha mizunguko 200 hivi. Ukiiacha ilivyo, injini inafanya kazi kama gari linalopanda Isyonje kwa gia ya nne.

Jambo jingine, zile zinki za kulinda mguu dhidi ya kutu. Zinki ni ya maji chumvi. Kwenye maji baridi hujifunika utando na kuacha kazi, mguu ukaanza kuliwa badala yake. Weka za alumini.

MamaWatatu:
Kaka, mbona hakuna aliyegusa usalama? Jaketi okozi halinunuliwi kwa umri, ni kwa kilo za mtoto. Wa miaka 5 apate lenye kola ya kuinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa.

Wakati wa kuvuta wawepo wawili: dereva anatazama mbele, mwingine anatazama boya, na ishara mmepatana mapema. Kamba ya mita 18, iliyoandikwa idadi ya watu inayowavuta. Mdogo usimzidishie kilomita 15 kwa saa. Kona kali ndizo zinazoumiza, kwa sababu boya la nje ya kona hukimbia kuliko boti. Unapomwokota mtu, zima injini; kuweka huru hakutoshi. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ifungwe kwa dereva, isining'inie kwenye usukani kama rozari.

Kaa mbali na mdomo wa mto Lufilyo, mamba hupenda midomo ya mito.

Tezi_na_Omo:
Naongeza hali ya ziwa. Nyasa ni refu, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema ipo kwenye ncha ya kaskazini. Mwera, ule upepo wa kusini, ukivuma, hasa Mei hadi Agosti, wimbi lina ziwa zima la kukusanyia nguvu, linakuja kuvunjikia mbele yenu. Futi 16 si ya wimbi hilo. Ingieni asubuhi, mkiona weupe kwenye maji ya mbali, geuzeni.

Barabara nayo ni sehemu ya boti. Kutoka Isyonje hadi Kyela mnashuka zaidi ya mita 1,500. Tela liwe na breki zake, gia ndogo tangu juu, na uzito wa kwenye ndoano uwe asilimia 5 hadi 10 ya mzigo wote. Ukiwa pungufu, tela linapiga mkia. Mkifika msikimbilie majini. Beringi za moto zikiingia maji baridi, hewa ndani hunywea na kuvuta maji kupita sili. Pumzikeni nusu saa, guseni haba (kitovu cha gurudumu), kisha shusheni. Mchanga wa Matema ni laini, Prado isiyafuate maji: tela lisukumwe kwa mikono juu ya mbao, gari livute kwa kamba kutoka pakavu.

Makaratasi: namba ya bodi na ya injini zilingane na cheti cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), risiti za ushuru ziwepo, na tela lina kadi yake peke yake. Kimoja kikikosekana usilipe ukiahidiwa "kitakuja".

Mlima_Rungwe:
Nimeelewa, nashuka Dar na sarafu na geji. La mwisho: mafuta?

Fundi_Mashine:
Hesabu lita 25 kwa saa ukifungua resi yote. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse. Kama haina tenki lake la oili, changanya mililita 500 kwa galoni la lita 25, yaani 50 kwa 1, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Oili iwe iliyoandikwa TC-W3, alama ya oili ya tustroki za boti. Ile ya misumeno ya mbao inayouzwa Mafinga ni ya injini zinazopozwa kwa hewa, inaacha majivu kwenye plagi. Ukikosa TC-W3 Mbeya, beba kopo nne kabisa ukiwa Dar.