Familia Bombo: betri za Babu

*Mama Mdogo* [18:52]: Asalaam aleikum. Mashine ya sikio ya Babu imekufa tena. Tumemwita chakula mpaka posho ikapoa, naye yuko barazani anatazama boda zikipita.

*Kaka Jinja* [18:55]: Si nilileta pakiti nzima? Betri sita!

*Mama Mdogo* [18:56]: Nne ziko hapa kwenye kisahani. Nimezijaribu zote, kimya.

*Dada Nesi* [19:03]: Kisahani cha nini tena? Zina stika zake?

*Mama Mdogo* [19:04]: Vile vikaratasi vya chungwa? Babu alivibandua vyote siku ileile. Eti zikae tayari.

*Dada Nesi* [19:07]: 😩 Basi ndiyo hapo. Hizo betri zinatumia hewa. Chini ya stika kuna vitundu. Ukiibandua tu betri imeanza kazi, hata ikilala kwenye kisahani. Ukiirudishia stika haisaidii. Unabandua moja, unaiacha kama dakika moja ivute hewa, ndiyo unaitia. Na ondoa hicho kisahani hapo chini! Mtoto akimeza betri ni hospitali saa hiyohiyo.

*Mama Mdogo* [19:08]: Nimekiweka juu ya kabati.

*Babu* [19:15]: NI MIMI NILIBANDUA. VIDOLE VINATETEMEKA STIKA HAISHIKIKI. SIKU ILE MJUKUU ALIKUWEPO NIKAMWAMBIA MALIZA ZOTE

*Shangazi Arua* [19:17]: Haya sasa. Tulimfundisha kutia mashine sikioni, hakuna aliyetazama vidole vyake 🙈

*Dada Nesi* [19:19]: Shikamoo Babu, nisamehe. Tutakutafutia kibanio. Stika ukishaibandua, ibandike kwenye kalenda pale ukutani, tujue betri ilianza lini. Betri yako, saizi namba 13, inakwenda wiki moja mpaka mbili hivi.

*Kaka Jinja* [19:21]: Na ule mluzi? Ijumaa msikitini watu walikuwa wanapapasa simu zao 😂

*Dada Nesi* [19:24]: Mluzi ni sauti inavuja, inarudi kwenye mashine. Ama haijakaa vizuri sikioni, ama kuna nta. Nta aitoe mhudumu wa afya. Babu, njiti ya kiberiti hapana!

*Babu* [19:30]: NJITI NIMEACHA. SHIDA NI NYINYI. NIKIIVAA NASIKIA SUFURIA, KUKU, REDIO, NA NYOTE MNAONGEA PAMOJA. NAIVUA NIPUMZIKE

*Dada Nesi* [19:33]: Una haki. Masikio yanazoea polepole, wiki kadhaa. Anza asubuhi nyumba ikiwa imetulia, uivae kwa muda wa saa moja au mbili, kisha uongeze. Na sisi tuzime redio, tumkalie mbele aone midomo. Mama Mdogo, kumpigia kelele kutoka jikoni si kuongea naye.

*Mama Mdogo* [19:34]: Nimesikia 🙏🏾

*Kaka Jinja* [19:36]: Kesho nashuka Kampala, nitapita na taksi ya Bombo jioni. Namba 13?

*Dada Nesi* [19:37]: 13, stika ya chungwa. Ya kahawia ni saizi nyingine, haikai.

*Babu* [19:41]: NA KIBANIO. KIKUBWA