Menyu ya kukunjuka: max-height, grid au jQuery?

mchora_kurasa: Wakuu habari zenu. Nina tovuti ya mteja, naikabidhi wiki hii. Menyu ya pembeni ikibofywa inafunguka ghafla, nataka ifunguke taratibu. Nimeona njia tatu: max-height (kikomo cha urefu katika CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa), grid (mpangilio wa gridi wa CSS) na jQuery (maktaba ya JavaScript). Nichukue ipi?

fundi_wa_zamu: Mkuu, hujasema menyu ina ngazi ngapi. Vilivyomo vinabadilika? jQuery imo tayari? Bila hayo tunabahatisha.

Mstari_Mmoja: slideToggle ya jQuery, amri ya kufungua na kufunga kwa kuteleza, kazi imeisha. Naitumia mpaka leo.

binti_grid: Maktaba nzima kwa menyu moja? Weka grid-template-rows (urefu wa safu za gridi): 0fr, yaani sifuri, ikifunguliwa iwe 1fr, yaani urefu wa vilivyomo, transition (muda wa mabadiliko) 250ms. Cha ndani kipe overflow: hidden (kinachozidi kifichwe), la sivyo haifungi. Padding (nafasi ya ndani ya ukingo) usiiweke hapo, ingiza ngazi moja zaidi, maana itaacha ufa menyu ikiwa imefungwa.

skripti_kale: max-height kaa nayo mbali. Nilirithi tovuti yenye menyu hiyo. Mwanzo iliwekwa 300px, mteja akaongeza viungo, vya chini vikakatwa. Aliyenitangulia akapandisha hadi 2000px. Basi kufungua ikawa inafyatuka kama mtego, na kufunga unabofya huoni kitu, kwa sababu brauza inateremka kwanza kutoka 2000 mpaka ifikie urefu halisi. Watu wakadhani kitufe kimekufa, wanabofya tena, menyu inafunguka upya. Malalamiko hayakuisha mpaka nilipoing'oa.

fundi_wa_zamu: Grid nayo ina gharama. Urefu ukibadilika, brauza inapanga ukurasa upya kila fremu, na kwa fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16 na ushei tu. Transform (kusogeza au kubadili umbo) na opacity (kiwango cha kuonekana) ndizo nyepesi.

binti_grid: scaleY, ile transform ya kubana urefu, inabonda maandishi, kaka, na vilivyo chini havisogei.

kibodi_tu: Mnabishania ulaini, tunaotumia kibodi hamtutaji. Urefu ukiwa sifuri tu, Tab bado inaingia kwenye viungo visivyoonekana. Wekeni visibility: hidden, mbadilishe aria-expanded (alama inayoiambia programu ya kusoma skrini kama menyu iko wazi) kwenye kitufe. Na prefers-reduced-motion (chaguo la mtumiaji la kupunguza mwendo) iheshimiwe, wapo wanaopata kizunguzungu.

Mstari_Mmoja: Si details na summary, tagi za HTML za kufungua na kufunga, zinamaliza yote hayo?

binti_grid: Kufungua, ndiyo. Ulaini hadi urefu wa auto (unaofuata vilivyomo) unataka interpolate-size, sifa ya CSS iliyoingia Chrome 129 mwaka 2024. Brauza isiyoijua itafungua ghafla vilevile.

mchora_kurasa: Ngazi mbili, vilivyomo hubadilika, jQuery imo, toleo la 1. Leo najaribu grid.

skripti_kale: Toleo la 1? Hiyo ni ya zamani, iondoe kwanza!

Mstari_Mmoja: Asiiguse kabla ya kukabidhi. Slaida na fomu zote zinaweza kuwa zinaitegemea.