MJADALA: Kumbukumbu "iliyorudi" kwenye matibabu, inatosha kumfunga mtu?

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Naleta kesi ya Sweden maana kila nikimsimulia mtu anasema nimetunga. Kuna jamaa anaitwa Sture Bergwall, enzi hizo akijiita Thomas Quick, miaka ya 90 alikuwa amewekwa hospitali ya akili yenye ulinzi huko Säter. Waliokuwa wanamtibu waliamini mtu akifanyiwa unyama utotoni akili inauficha, kwa hiyo kazi yao ni kuchimba mpaka utoke. Basi wakachimba, na kila wakichimba linatoka la kutisha kuliko la jana, mwisho wa siku jamaa amekiri mauaji zaidi ya 30 na mahakama zikamtia hatiani kwa 8, kati ya 1994 na 2001. Nane! Na hakuna hata moja lenye damu yake, alama ya kidole wala shahidi aliyemuona anaua.

Kumbe muda wote anabugia madawa ya kutuliza tena kwa wingi, na akipewa ruhusa anaenda zake maktaba Stockholm kusoma magazeti ya zamani yaliyoandika hayo mauaji. Kwenye mahojiano akikosea swali linarudiwa, linarudiwa tena, mpaka apatie. Halafu akikosea kabisa wanasema kumbukumbu inamuuma sana ndiyo maana anaikwepa. Hapo ndo huwa napandwa na hasira, yaani akipatia ni ushahidi na akikosea pia ni ushahidi, sasa huyo mtu atachomokaje? Walifikia hadi kukausha kiziwa kimoja Norway kutafuta mwili wa mtoto, wakaambulia patupu. Kipande walichosema ni mfupa wa mtoto kilipopimwa upya baadaye kikakutwa ni mbao na gundi. 2008 akamwambia mwandishi Hannes Råstam kwamba hajawahi kuua mtu, na mpaka kufika 2013 hukumu zote zilishafutwa.

Msimamo wangu: kumbukumbu iliyotokea kwenye tiba isimfunge mtu peke yake, lazima kuwe na kitu nje ya kichwa cha msemaji. Pingeni.

kahawa_chungu
Mkuu hiyo ni ramli chonganishi tu, imevaa koti jeupe. Mganga nae anakuuliza "humuoni bibi mmoja hapo nyuma ya nyumba?" anakuuliza mpaka unamuona. Vikongwe wangapi wamekatwa mapanga Usukumani kwa staili hiyo hiyo.

binti_pwani
Mimi nawapinga na sicheki. Mkishaizoesha jamii haya maneno ya kumbukumbu za uongo, kesho kila mjomba aliyemharibu mtoto atakuja nayo mahakamani. Uingereza pale Jimmy Savile, mtangazaji maarufu wa TV aliyeharibu watoto, kafa 2011 na heshima zake zote, waathirika wakaja kusikilizwa kwa wingi 2012, wengine wameyabeba hayo mambo tangu wakiwa wadogo hadi wamezeeka. Mngewaambia nini, leteni alama za vidole?

Mleta mada
Hao hawakusahau dada angu, walikuwa hawana wa kumwambia. Aliyenyamaza miaka 40 na aliyeambiwa na daktari wake "jaribu kukumbuka" ni watu wawili tofauti kabisa na mimi nawazungumzia hao wa pili.

binti_pwani
Wewe unatofautisha umekaa na simu yako hapo. Askari wa zamu anatofautisha?

wakili_njaa
Hoja ya binti_pwani msiiruke. Sheria ya Ushahidi hapa Tanzania inaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, na mimi naiunga mkono kwa sababu mambo hayo hayafanyiki sokoni. Tatizo linakuja kwenye hilo neno kuridhika. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake mwaka 1995 walitoa utafiti, waliwaambia watu wazima 24 kwamba walipotea dukani wakiwa wadogo, stori ya kutunga, na kama robo yao wakaikumbuka kwa kiasi fulani. Hawakuwa waongo wale. Sasa jaji anayemtazama shahidi usoni ataona nini, wakati shahidi mwenyewe anaamini?

Halafu Uingereza baada ya aibu ya Savile wakaangukia upande wa pili. 2014 polisi wa London kwenye uchunguzi walioupa jina Operation Midland wakatangaza hadharani kwamba madai ya jamaa mmoja Carl Beech, kuwa wakubwa waliharibu na kuua watoto, ni ya kuaminika na ya kweli, uchunguzi wenyewe hata haujaiva. 2019 Beech akala miaka 18, sehemu kubwa kwa uongo huo. Yeye alidanganya, hakuwa na kumbukumbu ya kufufuliwa, ila kosa la polisi ni lile lile la Sweden, wameamini kwanza ndo wakaanza kutafuta.

kahawa_chungu
Na McMartin kule California je? Kesi ya walimu wa chekechea waliodaiwa kuharibu watoto, imeanza 1983 imeisha 1990, mamilioni ya dola yameteketea, hakuna aliyetiwa hatiani. Watoto waliulizwa hadi wakasema kuna mahandaki chini ya shule.

binti_pwani
Sawa, basi irekodiwe kuanzia dakika ya kwanza, swali na jibu, maana tatizo la hizi kesi zenu zote ni maswali na wala sio watoto. Mtoto akishahojiwa na mama, mwalimu, ustawi wa jamii na polisi, huyo wa nne hajui la kwanza lilisemwaje.

Mleta mada
Hapo tuko pamoja kabisa. Ila maelezo kwenye vituo vyetu vingi askari anaandika kwa mkono, tena majibu tu, na kwa maneno yake yeye. wakili_njaa, kuna hakimu umewahi kumuona anauliza mtoto aliulizwaje?