Naomba ushauri: historia ya parokia yetu ianzie mwaka upi?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Paroko amenipa kazi ya kuandika historia ya parokia yetu kwa ajili ya jubilei, na nimekwama ukurasa wa kwanza.

Wazee wanasema parokia ilizaliwa siku katekista alipoanza kufundisha chini ya mwembe, wakati sisi bado kigango, yaani tawi dogo chini ya parokia nyingine. Katibu wa halmashauri ya parokia anasema hapana, parokia huzaliwa na hati ya askofu tu. Kisheria yuko sahihi: kanuni ya 515 ya Sheria za Kanisa Katoliki inampa askofu pekee mamlaka ya kuunda parokia, baada ya kusikiliza baraza la mapadre. Lakini ukianzia hapo, akina mama waliobeba mawe kichwani kujenga kanisa la kwanza unawaweka wapi? (Bibi yangu alikuwa mmoja wao, kwa hiyo nina upande, nakiri.)

Bagamoyo wana raha: Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakafungua misheni, basi, mwaka unajulikana.

Shida ya pili ni vitabu. Ubatizo wa enzi za kigango uliandikwa parokia mama, na huko kurasa zingine zimeliwa na mchwa. Waliowahi kufanya kazi hii, mlitumia mwaka upi? Na wazee wakitofautiana, mliandika simulizi zote mbili au mlichagua moja? Paroko anataka rasimu kabla ya Kwaresima.